Kibirika Chenye Mdomo Mrefu

Mwanangu Phares ana ustaarabu mmoja: akiniletea neno baya, huvaa suruali nyeupe. Aliivaa alipokuja kuniambia kwamba daktari amekata tamaa na baba yake. Akaivaa tena alipokuja kunieleza kwamba amenunua nyumba Donholm, nzuri, kubwa, ila haina chumba changu. Kwa hiyo Jumapili ile, nilipochungulia dirishani nikaona suruali nyeupe ikishuka garini, nilijua kuna jambo. Nyuma ya suruali alishuka mkewe, Truphena, amefunga uso kama duka la mtu aliyefiwa. Nyuma ya Truphena akashuka shemeji yangu Odera, mdogo wa marehemu mume wangu, aliyesafiri kutoka Siaya na kofia yake ya mazishi kichwani.

Nikajisemea: Akech, leo wamekuja kukuzika, ila wana haraka, hawakungoja ufe.

Sababu nilikuwa naijua. Ngoja niwaeleze mwenyewe, maana wengine wakinieleza huwa naharibika.

Mimi ni mfinyanzi. Nafinyanga vyombo vya chai, lakini si vya mtu mwenye kiu. Kibirika changu ukikifumba kiganjani hakionekani. Kikombe chake kinakaa juu ya ncha ya kidole gumba kama kofia, na kisahani ni sawa na kifungo cha koti. Watu huvipanga kabatini nyuma ya kioo, juu ya kitambaa cha kufuma, mgeni akiingia avione kabla hajaona ufa ukutani. Idil wa Eastleigh huvichukua seti sita sita kwa ajili ya mabibi harusi.

Kazi hii nilifundishwa na mama mkwe wangu. Yeye alifinyanga mitungi ya maji, mikubwa, mtoto angeweza kujificha ndani mkamtafuta mpaka jioni. Mume wangu alipopata kazi ya ukarani katika baraza la jiji akanileta hapa mtaa wa Jericho, Nairobi, na mtungi wa kwanza niliofinyanga ukachukua nafasi ya kitanda. Tulilala tumekunja miguu wiki nzima ili mtungi unyooke. Nairobi haikuwa na mahali pa mtungi. Basi nikaupunguza mtungi, mwaka baada ya mwaka, mpaka ukatoshea Nairobi.

Lakini udogo si ruhusa ya uvivu. Udongo ni uleule wa kwetu, unakuja kwa gunia. Nauchanganya na vigae vya vyungu vilivyovunjika, nimevisaga mpaka vikawa unga, ili moto usiupasue. Nauviringisha uwe kamba nyembamba kama tambi, nazizungusha moja juu ya nyingine, nalainisha kwa kipande cha kibuyu kisichozidi ukucha. Mapambo nayabingirisha kwa uzi uliosukwa. Nasugua kwa jiwe la mtoni mpaka chombo king'ae bila rangi, na kikitoka motoni nakichovya kwenye maziwa kingali na joto, kisivuje. Na kila kibirika changu kinamimina. Mama mkwe wangu alisema chombo kisichofanya kazi yake ni uongo, na uongo mdogo bado ni uongo.

Sasa tufike kwenye moto, maana ndipo kesi yangu ilipoanzia.

Mimi huchomea uani, ndani ya pipa la chuma lenye matundu, nimelijaza maranda ya mbao kutoka Gikomba na nyasi kavu. Na moto ukishika, mfinyanzi wa nyumba yetu hakai kimya. Anavitukana vyombo. Ndiyo, anavitukana. Chungu kikisifiwa kabla ya kuiva hujiona, kikijiona huvimba, kikivimba hupasuka. Kwa hiyo unakishusha. Unakiambia ubaya wake wote, kwa sauti, mpaka moto ulale. Mama mkwe wangu alikuwa na matusi ya kumfanya mwanamume mzima abadilishe njia. Yangu ni ya kawaida tu.

Alhamisi iliyotangulia nilikuwa nachoma seti nne. Upepo ukageuka, moshi ukaingia kwa jirani yangu Wangeci, anayeniita Cucu, yaani bibi kwa lugha yao, naye akatoka mbio, simu mkononi.

"Cucu! Unachoma mtaa!"

"Nikichoma mtaa utauona ukiwaka, mama. Huu ni moshi tu. Funga dirisha."

Hakufunga dirisha. Alinirekodi. Video yenyewe niliiona baadaye, na kusema kweli hata mimi ningemwogopa yule mwanamke. Ameinamia pipa, kichwa hakina kitambaa, moshi unamzunguka, naye anamtikisia kidole mtu asiyeonekana: "Wewe mwenye tumbo kubwa na shingo hakuna! Mdomo mrefu, akili fupi! Nani alikudanganya wewe ni mzuri? Utapasuka mbele ya watu, na hakuna atakayelia!" Na kidole chenyewe kinatetemeka.

Wangeci hakuwa na ubaya. Alimtumia Phares video hiyo na maneno machache: "Cucu hayuko poa. Kuja umcheki." Phares akaisukuma kwenye kundi la familia kwenye simu, na kufikia saa kumi na mbili ukoo mzima, kutoka Siaya mpaka Mombasa, ulikuwa umeniona, na kila mtu amekuwa daktari. Mama amerudi utotoni, anacheza na vikombe vya watoto. Mama anazungumza na moto. Mama mikono haishiki kitu, ataunguza nyumba za watu. Ikapitishwa nirudishwe Siaya, nikakae na mke wa Odera anitunze. Binamu mmoja akaweka picha ya mikono ya maombi. Mimi nami nimo katika kundi hilo. Walisahau. Nilisoma yote, mpaka maombi.

Kuhusu mkono, hawakudanganya. Mkono wangu wa kulia ulianza kutetemeka mwaka jana. Ukikaa bure unatetemeka kama mlevi aliyenyimwa. Ukipewa udongo unatulia. Ila utatulia mpaka lini, sikujua, na hilo ndilo lililokuwa likininyima usingizi, si kundi lao. Mtasema Siaya kuna udongo tele. Upo. Lakini mke wa Odera namjua, ana moyo mwema wa kuua mtu. Ningewekwa kitini, nishikiwe kijiko, nishikiwe kikombe, na mkono usio na kazi ungetetemeka mpaka usahau ulichojua. Nikipanda gari lile, mfinyanzi amekwisha. Angebaki bibi fulani wa kupakwa mafuta.

Basi wakaingia, wakaketi.

"Hujambo, Mama?" Phares akasema.

"Sijambo, mwanangu. Suruali imekupendeza. Nani kafa?"

Truphena alikaa kiti cha mbali, mkoba kifuani kama ngao. Odera akavua kofia, akaiweka gotini, akakohoa kile kikohozi cha kufungua mkutano.

"Shemeji, tumekuja na neno."

"Najua. Salamu ingeletwa na mmoja. Nyinyi mko watatu."

"Neno lenyewe ni zito. Nawe unanijua, mimi ni mtu wa mila. Mke wa ndugu yangu hawezi kuzeekea mjini kama—"

"Shemeji Odera," nikamkata, "kweli wewe ni mtu wa mila?"

"Kabisa."

"Basi niambie. Katika nyumba ya ndugu yako, neno zito hufunguliwa mgeni akiwa hajanywa chai?"

Sheria ile ilikuwa ya baba mkwe wangu: mgeni hafungui neno mpaka kikombe chake kiishe, wala hakuna wa kumharakisha kikombe kikiwa mkononi. Odera mwenyewe aliwahi kuwarudisha washenga waliokuja kumposa binti yake, kwa sababu mmoja alianza kutaja ng'ombe huku chai iko nusu. Wakarudi kwao, wakaja tena mwezi uliofuata, wakanywa kwanza.

"Halifunguliwi," akasema polepole. "Lete chai, shemeji."

"Mama, tuna haraka," Phares akasema. "Baba mdogo anasafiri leo leo."

"Usimwaibishe baba yako mdogo. Amesema chai."

Nikaenda jikoni. Chai ilikuwa tayari kwenye thamosi, ya maziwa, yenye tangawizi. Vikombe vya kawaida vilining'inia ukutani. Nikavipita. Nikachukua trei, nikatandika kitambaa cheupe, nikapanga juu yake seti moja iliyotoka motoni Alhamisi: kibirika, vikombe vitatu, visahani vitatu.

Nilipoitua mezani, Phares alijishika paji la uso.

"Mama, tafadhali. Hivyo ni vya watoto."

"Si mlisema nimerudi utotoni? Basi mtoto anawakaribisha kwa vyombo vyake."

Wakatazamana.

"Ulisoma kundi?"

"Mliniingiza wenyewe, mkanifundisha na kusoma."

Odera alinyanyua kikombe kwa vidole vyake viwili vya mkulima, kama mtu anayemtoa mbwa kupe. "Shemeji, hiki ni kikombe cha chai au cha dawa ya macho?"

"Ni mwanzo wa chai. Nyumba hii haijawahi kumpa mgeni chini ya kikombe kizima, kile cha ukutani. Nimevipima, vidogo arobaini hufanya kimoja kikubwa. Mkimaliza arobaini, fungua neno lako."

"Arobaini!" Phares akaruka. "Kila mtu?"

"Wewe ulitaka viwili, mwenzako arobaini? Huo si ukarimu."

"Baba mdogo, mwambie!"

Odera alikuwa ananitazama, nami namtazama. Mtu mwingine angesimama akaondoka, au angesema neno lake kwa nguvu, nani angemzuia? Lakini aliwarudisha washenga. Kama angelegeza sheria mbele ya mpwa wake, angeilegeza milele. Akavuta kiti mbele.

"Mimina," akasema.

Mkono wangu ulikuwa mapajani, unacheza. Wote watatu waliutazama, na mimi nikajua kwamba hawakuja na daktari kwa sababu daktari wao alikuwa mkono huo. Tone moja kwenye kitambaa kile cheupe na Odera asingehitaji kusema chochote.

Nikajaza kibirika kutoka kwenye thamosi, nikafunika. Kifuniko kina tundu la kupumulia, dogo, la kuingia sindano. Ukiliacha wazi, chai inashuka. Ukiliziba kwa ncha ya kidole, chai inakatika hapo hapo, hata tone halining'inii mdomoni. Nikakinyanyua. Mkono ukatikisika mara moja, ukatikisika mara ya pili, kisha ukakumbuka. Chai ikashuka nyembamba kama uzi wa kushonea. Kikombe cha Odera kikajaa, nikaziba. Cha Phares, nikaziba. Cha Truphena, nikaziba. Kitambaa kikabaki kama kilivyotoka kwenye kamba ya nguo.

"Shemeji, wewe sukari punje tatu," nikasema, nikizidondosha. "Truphena punje mbili. Phares hapana, ana sukari yake mwilini, na anamficha mkewe kwamba anakula mandazi ofisini."

"Mama!"

"Mandazi?" Truphena akageuka. Hilo ndilo neno lake la kwanza siku hiyo.

Wakanywa. Kunywa kwenyewe ni kuinua na kushusha, umemaliza. Nikamimina cha pili. Cha tatu. Mtu hawezi kukaa kimya kwa vikombe arobaini, hata akiwa amekasirika. Kufikia cha saba Odera alikuwa anatueleza habari za ng'ombe wake. Cha kumi na moja, Phares aliangalia saa. Cha kumi na nne, Truphena aliweka mkoba chini.

"Mama, nina swali. Si neno lao, ni langu."

"Uliza, binti yangu."

"Kwenye video." Akaweka kikombe chini. "Yule mwenye tumbo kubwa na shingo hakuna. Ni mimi?"

Ndiyo maana amefunga uso! Siku tatu nzima mtoto wa watu anabeba tusi lisilo lake. Nikakisukuma kibirika mbele yake.

"Tazama tumbo."

Akatazama.

"Tazama shingo. Unaiona? Hakuna. Sasa tazama mdomo."

Akakizungusha taratibu juu ya kiganja, mdomo wake ule mrefu umemwelekea. Midomo yake ikaanza kucheza. Kisha akacheka, akacheka mpaka akashika meza. "Ni birika! Phares, ni birika! Nilikuwa nimeacha kula ugali!"

"Lakini kwa nini ulitukane birika?" Phares akasema. "Mama, huoni kwamba hilo ndilo tatizo?"

Nilitaka kumjibu, lakini Odera aliinua mkono.

"Mama alikuwa akiitukana mitungi," akasema, na sauti yake haikuwa ile ya mikutano. Mama mkwe wangu ndiye mama yake mzazi. "Sisi wavulana tulikuwa tunafukuzwa, wanaume hawasogelei moto wa vyungu. Tulikuwa tunamsikia kutoka bondeni. Siku moja aliutukana mtungi mpaka padre aliyekuwa anakuja kutubariki akageuza baiskeli." Akatikisa kichwa. "Ile sauti ya kwenye simu, nilijiambia nimeisikia mahali. Nikafikiri ni wazimu. Kumbe ni Mama."

"Ni Mama," nikasema. "Leta kikombe."

Kufikia ishirini na mbili mkono ulianza kuchoka. Ninyi mnaofikiri vitu vidogo ni vyepesi, jaribuni. Uchovu ulipanda kutoka kidoleni, ukaingia kiwiko, na mdomo wa kibirika ukaanza kuandika hewani. Nikamimina cha ishirini na tatu nimeuma meno. Phares aliona. Mwanangu si mtu mbaya, ana haraka tu ya wema.

"Mama, inatosha. Nipe nikumiminie."

"Haya. Wewe una mikono mizima."

Akasimama, akakishika kwa vidole vyote kama anayemkaba kuku, akainamisha. Chai ikajaza kikombe, ikajaza kisahani, ikashuka kwenye kitambaa, ikavuka meza na kutua kwenye suruali nyeupe, mahali ambapo mtu mzima hapendi kuonekana amelowa.

Truphena aliuokota mkoba, akajificha nyuma yake. Odera alitazama dari.

"Tundu, mwanangu," nikasema. "Hukuziba tundu."

Wakati anajipangusa, nilikuwa nimeulaza mkono mezani, unapumua. Kisha nikabana kiwiko kwenye mbavu, vile nilivyofundishwa, mkono uwe wa mwili mzima na si wa bega peke yake, nikachukua kibirika changu. Cha ishirini na nne. Hakuna aliyezungumzia ng'ombe tena. Truphena alianza kuhesabu kwa sauti, mwanzoni kwa mzaha, baadaye kama mtu anayehesabia mkimbiaji wa nyumbani kwao. Kufikia thelathini na moja jasho lilinitoka shingoni. Thelathini na sita, mkono ukaruka. Nikaziba tundu, nikangoja, tone likajikunja likarudi ndani. Nikafungua, nikamalizia.

"Thelathini na tisa," Truphena akasema. "Arobaini!"

Odera alikinywa cha mwisho, akakirudisha kwenye kisahani chake, taratibu kuliko alivyokinyanyua cha kwanza.

"Kikombe kimeisha, shemeji," nikasema. "Fungua neno."

Akaichukua kofia yake, akaigeuza, akaichunguza ndani kana kwamba neno liliandikwa humo.

"Neno tulilokuja nalo," akasema, "lilikuwa kwamba mke wa ndugu yangu hajijui, hakumbuki kitu, na mikono yake haishiki chombo." Akatazama kitambaa. Doa lilikuwa moja tu, kubwa, la Phares, na mwenyewe alikuwa amekaa na mwenzake kwenye suruali. "Sasa hilo nitalisemaje mbele ya kitambaa hiki? Mimi silifungui. Anayetaka alifungue mwenyewe."

"Na moto?" Phares akasema. "Majirani, Mama. Moshi. Hii si Siaya."

"Nitawasha tena Alhamisi, saa nne asubuhi, kabla upepo haujageuka. Na nitatukana. Pipa nitalisogeza mpaka kona ile ya mbali, hilo nampa Wangeci kwa sababu ana haki yake. Lakini siombi ruhusa, Phares. Sikuiomba kwa baba yako na alikuwa na sauti kuliko wewe."

"Na mkono ukizidi?"

Hapo hakuwa anabishana. Aliuliza kama alivyokuwa akiuliza utotoni, taa zikizimika. Nikaona ni haki yake kujibiwa bila mzaha.

"Ukizidi, nitajua kabla yako. Nitajua kabla ya jirani, na kabla ya kundi. Siku hiyo nitakupigia simu mimi mwenyewe, nitakwambia njoo unichukue, na nitakuwa nimefunga mzigo. Lakini nitapiga mimi. Usije tena kunichukua kabla sijaita. Umesikia?"

Akautazama mkono wangu.

"Nimesikia, Mama."

"Sema vizuri, baba yako mdogo ni shahidi."

"Nimesikia. Utapiga wewe."

Odera akavaa kofia, akaomba aonyeshwe choo, maana vikombe arobaini ni vikombe arobaini. Truphena alikuwa tayari amesimama mbele ya kabati langu, anafungua kioo bila kuuliza, anaulizia seti yenye shingo. Na Phares, na suruali yake ile, akaanza kukusanya vyombo mezani, kimoja kimoja, akavipeleka kwenye karai jikoni. Nilimfuata nikasimama nyuma yake, maana alikuwa anavishika kama mayai ya kuiba.

"Sugua kwa kidole," nikamwambia, "si kwa kucha. Na usikisifu hicho. Kimeiva juzi tu, bado kinasikia."